Mkeka uliochanwa na timu moja

Alifika Jumapili saa mbili usiku. Pikipiki ilikuwa bado inanguruma nje ya geti, naye salamu aliitoa huku simu ameinyoosha mbele.

"Shikamoo shangazi. Hawa watu wameniibia."

Ni mtoto wa kaka yangu, bodaboda wa kijiwe kimoja hapa Nkuhungu. Amerithi jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo mimi humwita baba, na yeye huniletea shida zake zote kama vile kweli nimemzaa. Upepo wa Dodoma ulikuwa umempaka vumbi hadi kwenye kope. Nikamwambia azime pikipiki, aingie, anawe. Hakunawa. Alikaa ukingoni mwa kochi akanifungulia mkeka wake, yaani tiketi ya kubeti mpira ambayo kwa kawaida timu moja ikichana hulipwi kitu: timu 4, dau shilingi 2,000. Timu tatu zimetiki, moja imechana.

"Si mkeka wa kawaida huu," akasema. "Nimecheza sistimu, tatu kwa nne. Ikichana moja bado nalipwa. Hizi tatu zilizoingia odi zake ni 1.80, 2.10 na 1.65. Zidisha mwenyewe."

Odi ni namba inayozidishwa na dau timu ikishinda. Nikazidisha. 6.237.

"Sasa mara elfu mbili."

Shilingi 12,474.

"Wameniwekea elfu tatu na mia moja, shangazi. Elfu tisa yangu iko wapi?"

Alikuwa ameshaamua kupeleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na alitaka mwalimu wa hesabu amwandikie barua.

Dau lililogawanyika

Nilichukua bahasha ya bili ya maji nikaandika nyuma yake herufi nne: A, B, C, D. Nikamwambia anitajie makundi yote ya timu tatu yanayopatikana humo. Alitaja ABC, akasita, akataja ABD, kisha ACD, kisha BCD. Akatafuta la tano, akalikosa.

"Ni manne," nikamwambia. "Kwa hiyo hukucheza tiketi moja ya elfu mbili. Umecheza tiketi nne za mia tano mia tano."

Kila timu imo ndani ya tiketi tatu kati ya hizo nne. Timu D ilipofungwa iliondoka na tiketi tatu kwa mpigo, ikabaki ABC peke yake. Mia tano mara 6.237 ni 3,118 na senti 50. Hicho ndicho kilichoingia, kabla ya mambo ya kodi.

Timu D ilikuwa na odi 2.40. Nikamwonyesha pia kwamba kama zote nne zingeingia, sistimu ingemlipa 15,376, wakati mkeka wa kawaida wa timu hizohizo kwa elfu mbili ungempa 29,937. Hiyo tofauti ndiyo bei aliyolipa ili aruhusiwe kukosea mara moja.

"Baba, hujaibiwa. Wamehesabu sawasawa."

Aliitazama ile bahasha muda mrefu. Kisha uso ukamfunguka, akacheka, akaniomba aende nayo. Nami nilijisikia vizuri mno. Miaka yote nawafundisha watoto wa watu, na leo mtoto wa nyumbani ameelewa kitu mbele ya macho yangu ndani ya dakika kumi.

Nililala vizuri usiku ule.

Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, wiki hadi wiki, mpaka nimekaa kuandika haya.

Mbili zilizopotea

Wiki tatu zilipita. Akaja tena, safari hii na kaunta buku lenye jalada gumu. Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula, jambo ambalo alipokuwa shule hakuna mwalimu aliyewahi kuliona kwake. Timu 6. Alikuwa ameorodhesha makundi yote: ya mbilimbili, ya tatutatu, ya nnenne, ya tanotano, na la sita zote.

"Simu inasema ni 57. Mimi kila nikihesabu napata 55. Nitafutie hizo mbili, shangazi."

Mkeka wa namna hiyo Waingereza huuita Heinz, kwa sababu kampuni ya vyakula yenye jina hilo ilijitangaza kwa miaka mingi kwa namba 57. Hesabu yake ni safi: mbilimbili zipo 15, tatutatu 20, nnenne 15, tanotano 6, na moja ya zote. Jumla 57. Nilipitisha kidole kwenye orodha yake, nikakuta kwenye tatutatu kaandika 18 tu. Nikamtajia mbili alizoruka. Akaziandika chini kwa kalamu nyekundu.

Baada ya hapo ndipo nilipouliza anaweka kiasi gani.

"Mia mbili mia mbili."

Mia mbili mara 57 ni 11,400. Hesabu ya bosi kwenye pikipiki yake ni 8,000 kwa siku. Nilimuuliza kama ya leo ameshapeleka. Akasema atapeleka kesho ya siku mbili.

Nimeirudia sana hiyo dakika. Nilitafuta zile tiketi mbili kabla ya kuuliza habari ya pesa. Kuna furaha ya kukamilisha hesabu ambayo mtu wa hesabu akiionja haoni pembeni, nami niliionja palepale mezani kwangu, mtoto wa kaka yangu akiwa ameshika kalamu nyekundu.

Ile bahasha ya bili ya maji haikumtoa kwenye kubeti. Ilimpa njia nzuri zaidi ya kubeti, na aliyempa njia hiyo ni mimi.

Hesabu isiyoandikwa kwenye tiketi

Tiketi yoyote huonyesha dau, odi, na pale chini, kwa maandishi makubwa kuliko yote, ushindi unaowezekana. Hesabu hiyo ni ya kweli. Odi za mkeka huzidishwa, dau linapigwa humo, na simu haikosei hata senti.

Ila hiyo ni hesabu ya siku mambo yakienda vizuri. Ipo ya pili, na hiyo hakuna anayekuandikia.

Nilimwita Jumamosi mchana, jua kali, kijiweni hakuna abiria. Nikatoa sarafu ya mia tano.

"Tuseme kampuni inapokea dau kwenye sarafu hii. Kichwa au upande wa pili. Kwa haki odi ingekuwa ngapi?"

"Mbili."

"Wao watakupa 1.90, pande zote mbili. Sasa weka mia kwa kichwa, na mia nyingine kwa upande wa pili. Umetoa mia mbili. Sarafu ikianguka vyovyote, unapokea?"

"Mia na tisini."

"Kumi iko wapi?"

Alinyamaza. Hiyo kumi haikuibwa na haikufichwa, iko ndani ya odi yenyewe kabla sarafu haijarushwa. Ukicheza mara moja unakatwa shilingi 5 katika kila 100, na wengi tungesema si neno. Lakini mkeka unazidisha. Odi zikizidishwa, na makato yanazidishwa humohumo. Timu mbili, katika 100 inabaki 90 na kidogo. Timu nne, 81. Timu kumi, inabaki 60.

Tukaiweka kwa shilingi. Kubahatisha sarafu mara kumi mfululizo kuna njia 1,024, na iliyo sahihi ni moja. Kwa dau la elfu moja, malipo ya haki ni 1,024,000. Kwa odi ya 1.90 mara kumi, tiketi inaandika 613,107. Ukiiona 613,107 kwa elfu moja unapagawa. Huioni ile laki nne na elfu kumi isiyokuwepo.

Usiku nilifanya peke yangu hesabu ya mechi moja kwenye simu yake: mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40. Ukigawa mia kwa kila odi unapata 47.6, 31.25 na 29.4. Jumla ni 108 na ushee. Nafasi za mambo yote yanayoweza kutokea haziwezi kuzidi mia. Hiyo nane ya juu ndiyo yao. Tukichukulia wamekata sawa pande zote, timu kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja zinabakiza 45 katika 100. Sasa naelewa kwa nini kuna bonasi kwa anayeongeza timu.

Na sistimu yake pendwa? Kila tiketi ndani yake ni mkeka mdogo, unakatwa vilevile kwa idadi ya timu zake. Kugawa dau kunapunguza uchungu wa siku timu moja ikichana. Makato yako palepale.

Aliniambia, "Nimekuelewa shangazi." Akaondoka, na jioni akabeti.

Nusura

Kilichonifungua macho ni picha.

Siku moja alikuwa ananitafutia kwenye simu picha ya kitambulisho chake. Akapitisha kidole, nikaona mikeka. Nikamwomba asimame hapo. Ilikuwa picha 23, mikeka 23 iliyochanwa na timu moja, na ameitunza yote.

"Hii ilikuwa dakika ya 93," akasema, akiigusa moja kwa kidole. "Hii walikosa penati. Hii nilikuwa pale kibanda umiza, watu wote wanajua, laki tatu na themanini ilikuwa mfukoni." Alizizungumzia taratibu, kama mtu anayekutajia ndugu waliotangulia, huyu aliugua nini, yule alikuwa na umri gani.

"Unaona shangazi? Siko mbali. Ni timu moja tu kila siku."

Nilichukua kaunta buku nikageuza ukurasa.

Rudi kwenye sarafu zetu kumi. Njia ya kupatia zote kumi ni moja. Njia za kukosea moja tu ni ngapi? Unaweza kukosea ya kwanza, au ya pili, au ya tatu, hadi ya kumi. Kumi. Njia za kukosea mbili ni 45. Kwa hiyo kwa kila mkeka unaotiki wote, hesabu yenyewe inadai mikeka kumi iliyochanwa na timu moja. Mtu anayebahatisha macho yamefumbwa atajaza simu yake picha za nusura.

"Mimi sibahatishi," akanijibu. "Mimi naweka timu kubwa."

Haya, timu kubwa. Odi 1.25 kila moja, na tukitoa yale makato tuseme kila moja ina nafasi 76 katika 100 ya kushinda, ambayo ni nafasi nzuri sana. Weka 12. Zote kuingia ni chini ya mara 4 katika mikeka 100. Kuchanwa na moja tu ni mara 14. Hata hapo, na timu kubwa tupu, nusura ni zaidi ya mara tatu ya ushindi.

Namba hizo 1, 10, 45 ziko kwenye pembetatu ambayo vitabu vya shule vinampa Pascal, ingawa Waajemi na Wachina waliijua karne nyingi kabla yake. Mwaka 1654 Pascal na Fermat, wote Wafaransa, waliandikiana barua kuhusu mchezo wa pesa uliokatizwa katikati: dau ligawanywe vipi kwa haki kati ya wachezaji wawili, mmoja akiwa karibu kushinda? Somo la uwezekano tunalolifundisha hadi leo lilichipuka hapo. Lilianzia mezani kwa wacheza kamari, na swali lao lilikuwa hilihili la kijana wangu: aliyekuwa karibu anastahili nini?

Pascal na Fermat walikuwa na jibu, kwa sababu mchezo wao ulikuwa bado haujaisha. Mkeka uliochanwa umeisha. Aliyekosa moja na aliyekosa tisa wanalipwa sawa.

Hakunijibu. Lakini aliirudisha simu mfukoni bila kunionyesha ile picha ya kitambulisho.

"Mbona mzee naye anabeti?"

Siku nne hakuja. Alipokuja alikuwa na hoja yake, na nakiri ilinikalisha.

"Shangazi, mbona mzee naye anabeti? Kila mwaka anabeti na mvua, na hakuna anayemkalisha chini."

Kaka yangu analima Mpunguzi. Ana zabibu ekari moja na nusu, ana shamba la uwele, ana mtama kidogo, kuku, na mbuzi saba. Mvua ya Dodoma inakuja msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mwaka ikikataa imekataa. Zabibu nazo zikiiva wote wamevuna, mnunuzi anakupangia bei huku tunda linakulainikia mkononi. Nimemwona kaka amekaa kwenye kigoda anatazama mawingu kwa macho yaleyale ambayo mwanawe anatazama dakika za nyongeza. Sikuwa na la kusema. Nilimpakulia chakula tukala kimya.

Nilibaki na swali hilo siku nyingi. Nililipeleka sokoni Majengo, nililipeleka kanisani, nililipeleka darasani. Kama kulima Dodoma ni kubeti, mimi namkataza nini?

Jibu lilinijia nikiwa napepeta uwele ambao kaka mwenyewe alinitumia.

Kaka anajumlisha.

Uwele ukikauka, zabibu za kisima zinabaki. Zabibu zikiharibika bei, mbuzi wako zizini. Kila kimoja kinasimama au kuanguka peke yake, na mwisho wa mwaka anakusanya vilivyosimama. Wazee wetu Wagogo walishika uwele na mtama kwa kujua kwamba ni mazao yanayovumilia ukame, na wakafuga juu yake. Mkeka unafanya kinyume. Mkeka unazidisha, na katika kuzidisha sifuri moja inameza vyote. Kaka yangu angekuwa analima kwa mkeka, mwaka uwele ukikauka angelazimika kung'oa na mizabibu na kuchinja mbuzi wote saba siku hiyohiyo.

Na mvua, hata ikikataa, haikai upande wa pili wa meza ikichukua kumi katika kila mia mbili.

Nilimpigia kijana simu usiku uleule. Nilimkuta kijiweni. Nilimweleza yote bila kupumua, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ila mzee hajawahi kupata laki tatu kwa siku moja."

Ni kweli, hajawahi.

Kidato cha nne

Kila mwaka nafundisha uwezekano kidato cha nne. Natumia sarafu, dadu, na mfuko wenye mipira myekundu na myeusi, na nafundisha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo mtihani unavyokuja. Wanafunzi wanakariri kanuni, wanajaza majibu, kengele inalia. Halafu wanatoka nje na kuzungumza kwa Kiswahili, kwa ufasaha, habari za odi, sistimu na mikeka, ingawa sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Wanayajua mambo mawili ambayo ni jambo moja, na hakuna aliyewaambia. Mimi mwenyewe sikuwaambia. Nilidhani nikitaja mkeka darasani nitakuwa nawafundisha kubeti, na baada ya habari ya ile bahasha hofu hiyo ni kubwa zaidi.

Lakini mwaka huu nitaanza na nusura. Sitawapa odi wala malipo, nitawapa zile njia kumi za kukosea moja.

Safu ya pili

Jumapili iliyopita alikuja na kaunta buku. Hakuwa na hasira wala habari mpya ya ushindi. Tulikula ugali na mlenda, akaosha vyombo mwenyewe, akakaa.

Wiki kadhaa nyuma nilikuwa nimempigia mstari katikati ya ukurasa mtupu. Kushoto niliandika *zilizotoka*, kulia *zilizoingia*. Sikumwambia aache kubeti. Kaka alishamwambia hivyo mara nyingi, na mama yake alishalia. Nilimwomba tu aandike, kila siku, hata mia mbili.

Akaufungua ukurasa. Kushoto ilikuwa imejaa hadi chini, mwandiko ukizidi kuwa mdogo kadiri nafasi ilivyopungua. Kulia kulikuwa na mistari mitatu.

Hakujumlisha, nami sikumwomba.

"Hii ni ya tangu uliponipa," akasema. "Za nyuma je?"

"Za nyuma ziko kwenye meseji za miamala, kama hujafuta."

"Sijafuta."

Akafungua meseji. Akaanza kupandisha juu kwa kidole gumba, kila akikuta muamala wa dau anasimama, anaandika, anaendelea. Elfu moja. Elfu mbili. Mia tano. Elfu tano, hapo akatulia kidogo, akaandika. Agosti, Julai, Juni. Nilikuwa nasahihisha madaftari upande wa pili wa meza, na kwa muda mrefu kilichosikika ni kalamu mbili tu na upepo kwenye bati.

Alipofika Machi simu ikazima.

"Chaji imeisha," akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Shangazi, una chaja ya pini ndogo?"

Nikainuka kwenda kuitafuta.